Jina la Kuazima

Lodwar,
9 Februari 2025

Mwanangu Christine,

Ejok. Huku tu wazima kwa kiasi ambacho Februari ya Lodwar humruhusu mtu kuwa mzima. Mama mdogo wako amepona goti na amerudi kugombana na wauza samaki sokoni. Mto Turkwel umekauka, wanawake wanafukua mchanga katikati ya mkondo kutafuta maji. Baba yako yuko hapa kwangu tangu Desemba. Anapumzika.

Utashangaa kupokea karatasi katika zama hizi. Kashfa iliyoikumba nyumba yetu ilizaliwa na picha moja ya simu na kulelewa na vikundi vya WhatsApp, na kila neno nililomwandikia mtu kwa simu tangu hapo nimelikuta limewafikia watu nisiowajua. Karatasi haisambai yenyewe. Atakayekuletea ni dereva wa lori la saruji ambaye hupita Kakuma akielekea Lokichoggio. Nilimfundisha historia, na bado ananiogopa.

Niyapange mambo kwa utaratibu, maana nadhani wewe umeyasikia vipande vipande. Ndugu yangu Lomenen, baba yako, amekuwa kocha wa chuo kwa miaka ishirini na miwili, na uwanja wa chuo unaitwa kwa jina lake. Mwezi Novemba timu yake ilishinda fainali ya vyuo kule Eldoret. Bao lilifungwa na mshambuliaji aliyeandikishwa kama Erupe, mwana wa mzee Aregae wa upande wa Lokori. Baada ya kufunga, kijana yule alikimbilia mashabiki akainua mikono juu ya kichwa, mipana, ikipinda kwenda nje kisha ndani, kama pembe za fahali wa Wadinka. Vijana wetu nao huigiza pembe wanapocheza, lakini si kwa umbo lile, na hakuna mtoto wa Lodwar asiyeijua tofauti. Picha ilisambaa. Kabla ya timu kurudi nyumbani ilikwisha kujulikana kwamba mfungaji ni Athian, mkimbizi wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, na kwamba Erupe halisi alikuwa malishoni akichunga ngamia wa babake.

Kamati ya chuo itakaa mwezi Mei. Itaamua kama uwanja utaendelea kubeba jina la baba yako, na kama stashahada ya teknolojia ya maji ambayo kijana huyo aliikamilisha itatolewa au itafutwa. Athian anaishi karibu na shule unayofundisha. Nakuomba umwendee, aandike kwamba alikuja chuoni na kitambulisho cha mtu mwingine na kwamba kocha hakujua. Sikuombi useme uongo. Nakuomba umsaidie yeye kueleza upande wake.

Mama mdogo anasema unenepe kidogo.

Baba yako mdogo,
Ekidor


Kakuma,
2 Machi 2025

Baba mdogo,

Nakusalimu wewe na mama mdogo, na goti lake. Mimi ni mzima. Wanafunzi wangu wa hisabati wamekuwa wengi kuliko viti, na mgao wa chakula kambini umepunguzwa tena, hivyo kipindi cha mwisho nafundisha watoto wanaotazama dirisha. Upepo umeng'oa mabati mawili ya ofisi ya walimu; tunayasikia usiku yakizunguka uwanjani.

Nilimwendea Athian. Nilimkuta mbele ya nyumba ya mama yake, Abuk, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaziba gurudumu la baiskeli ya jirani. Vijana wawili waliokuwa wakipita walimpigia kelele: "Bwana Erupe! Ngamia zako umeacha wapi?" Hakuinua kichwa.

"Madam, umetumwa na Kocha?" aliniuliza.

"Na ndugu yake."

"Kocha mwenyewe amesema nini?"

Nikamwambia sijui. Akacheka. "Kocha hajawahi kosa maneno. Hata mapumzikoni tulikuwa tunamwomba anyamaze kidogo tunywe maji."

Nilimweleza ombi lako kama ulivyoliandika. Abuk alikuwa anasikiliza kutoka mlangoni. "Mwalimu," akasema, "nikimwita huyu mtoto yangu Athian, watu wa mpira watanishika? Niambie mapema, nijue nitamwitaje."

Kisha Athian akanieleza, na nakunukulia kwa uangalifu. Baba alikuja kutazama ligi ya kambini. Alimwita pembeni baada ya mchezo. "Akaniambia, 'Kijana, una mguu. Una cheti ya kidato cha nne?' Nikasema ninayo, ya jina langu kabisa, na alama nzuri. Akasema, 'Hiyo weka nyumbani.'"

Baba mdogo, tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili. Nimeuliza: chuo hupokea wakimbizi kwa majina yao, na wamo hata sasa. Ni kanuni za mashindano ndizo zinazomkataa mchezaji asiye raia. Athian angeweza kusoma akiwa Athian. Masomo hayakuhitaji jina la mtu mwingine. Mpira ndio uliolihitaji. Kwa hiyo siwezi kumwomba aandike kwamba kocha hakujua.

Ombi langu kwako ni jingine. Kijana huyu alikaa darasani miaka mitatu na kuifanya mitihani yote kwa mkono wake. Walimu wake walimjua kwa jina moja tu, na hakuna hata mmoja aliye tayari kusimama. Anayeweza kusema kwa uzito "aliyesoma ni huyu" ni mtu mmoja, aliyemleta. Baba aseme hivyo mbele ya kamati. Atapoteza uwanja, lakini kijana atakuwa na pa kuanzia kudai cheti chake.

Simu ya baba imezimwa. Kwa nini?

Wako,
Christine


Lodwar,
6 Aprili 2025

Mwanangu Christine,

Barua yako ilichelewa. Dereva aliisahau nyuma ya kioo cha jua, akaenda nayo Lokichoggio, akarudi nayo hadi Lodwar, kisha akaondoka tena kabla ya kuikumbuka. Aliniletea akiwa na uso wa mwanafunzi aliyevunja dirisha. Mvua ilinyesha hapa jioni moja tu, ikabomoa ukuta wa jirani, ikaenda zake. Mama mdogo amepanda kunde, mbuzi wamezila.

Simu ya baba yako tuliizima kwa sababu ya waandishi wa habari. Anapumzika, na hapendi kuzungumza kwa sasa.

Hoja yako kuhusu masomo na mpira nimeipima na siwezi kuipinga. Ila hoja kutopingika hakumaanishi kwamba kuna mtu atakayeitumia. Acha nikueleze kilichotokea ofisini kwa mkuu wa chuo, Bwana Mureithi, ambako niliitwa kama msemaji wa familia.

Mzee Aregae alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka upande wa Lokori amevaa shuka yake, na kigoda chake cha mbao amekishika mkononi. Alikataa kiti cha ofisi. Unajua kwamba yeye na baba yako ni marafiki wa mifugo tangu ujana. Kila mmoja ana wanyama wa mwenzake katika zizi lake. Mwanawe Erupe alimaliza kidato cha nne na akapata nafasi chuoni, lakini kaka yake alifariki, ngamia wakakosa mtu, naye hakuripoti. Nafasi ikabaki wazi. Baba yako akamwomba Aregae jina la mwanawe, naye akampa.

Mureithi alimuuliza: "Mzee, ulipewa nini?"

"Kupewa? Alikuwa anaazima. Rafiki anaazima."

"Jina la mtu haliazimwi."

"Wewe umeona likikatika?" Aregae alimgeukia mwanawe aliyesimama mlangoni. "Erupe! Jina lako lilipotea?" Kijana akatikisa kichwa. "Unaona. Alikunywa maziwa, ng'ombe iko."

Mureithi akacheka kidogo, nasi tukacheka. Lakini mzee hakuwa amemaliza. "Sasa nakuuliza, mwalimu. Ng'ombe nikikuazima ukamue, ikizaa kwako, ndama ni ya nani?"

"Mzee, hiki ni chuo, si zizi."

"Ndama ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi leta ndama. Karatasi imezaliwa na jina ya mtoto yangu."

Hapo ofisi nzima iliangua kicheko, nami pamoja nao, isipokuwa Mureithi. Yeye aliacha kucheka mapema kuliko sisi sote. Alimtazama Erupe kwa muda: kijana mrefu, mwembamba, wa umri uleule, mwenye kitambulisho halali na barua halali ya kupokelewa chuoni. Kisha akatuambia twende nyumbani.

Hali ya hewa huko ikoje?

Baba yako mdogo,
Ekidor


Kakuma,
27 Aprili 2025

Baba mdogo,

Ejok kwenu nyote. Hali ya hewa ni jua.

Barua yako ina kurasa tatu, na baba yangu ana mistari miwili ndani yake. Mtu ninayemfahamu alikuwa akizungumza na redio, na waamuzi, na kuku. Unaniambia hapendi kuzungumza. Nimekuuliza mara moja. Sasa nakuuliza mara ya pili: ana nini?

Athian aliomba kibali cha kutoka kambini ili afike mbele ya kamati. Ofisi ya vibali ilimtaka alete barua ya mwito kutoka chuoni. Aliwapigia simu chuoni. Mwanamke aliyepokea alimtafuta kwenye orodha ya wanafunzi na kumwambia kwa upole kwamba hakuna mwanafunzi wa jina hilo, kwa hiyo hakuna wa kuitwa. Akamuuliza, "Labda ulikuwa chuo kingine?"

Nitakuja nikipata ruhusa shuleni.

Christine


Lodwar,
25 Mei 2025

Mwanangu Christine,

Mama mdogo wako anakusalimu na kukushukuru kwa majani ya chai. Kunde za mara ya pili zimeshika. Paroko wetu amehamishwa, na mpya anahubiri kwa kifupi, jambo ambalo waumini wamelipokea kwa mashaka.

Kamati imekaa na kumaliza. Nakuandikia matokeo kabla hujayasikia kwa wengine.

Imeamuliwa kwamba nafasi ya masomo ilitolewa kwa Erupe, mwana wa Aregae. Kwamba kitambulisho kilichotumika ni cha Erupe na hakikughushiwa. Kwamba mitihani yote imeandikwa kwa jina la Erupe na yote imefaulu. Picha ya mchezaji aliyeinua mikono imeelezwa kuwa haikuonyesha uso kwa uwazi wa kutosha. Kwa hiyo hapakuwa na udanganyifu. Stashahada ni halali na Erupe ataipokea katika mahafali ya Septemba. Kombe linabaki. Uwanja unabaki na jina la baba yako.

Baba yako alihudhuria. Nilimpeleka. Mureithi alimwonyesha picha ya mfungaji na kumuuliza: "Kocha, huyu ni nani?" Naye akajibu, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Erupe." Aliulizwa tena, akajibu vilevile. Wajumbe wawili walifuta machozi. Iliandikwa kwamba kocha amethibitisha.

Najua hukutaka hili. Najua pia kwamba jambo hili lilikuwa na milango miwili tu. Kama kamati ingesema mchezaji ni Athian, ingefuta kombe, uwanja, na stashahada pamoja navyo, kwa kuwa ilipatikana kwa jina lisilo lake. Kijana yule asingepata chochote kwa mlango wowote. Katika hali hiyo nimeona afadhali mmoja wetu abaki na kitu.

Daktari ameshauri ndugu yangu asisumbuliwe na wageni kwa muda. Tafadhali usije mpaka nikuandikie.

Ekidor


Kakuma,
29 Juni 2025

Baba mdogo,

Nilikuja. Ulikuwa umekwenda Lokori kwenye mazishi, na mama mdogo hakuwa na moyo wa kunizuia mlangoni.

Nilimuuliza baba anaumwa tangu lini. "Tangu ile picha," akasema. "Alianguka bafuni. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Mzee wangu alisema usiambiwe, una mitihani ya watoto." Halafu akafunika mdomo kwa leso, kana kwamba angeweza kuyarudisha.

Baba alikuwa amekaa uani, upande mmoja wa mwili umelala. Aliponiona, nusu ya uso wake iliyo hai iling'aa. Akaniita Erupe. Nilidhani amenichanganya na mtu, nikamwambia, "Apa, ni mimi, Christine." Akaitikia kwa kichwa, kwa furaha kubwa, akanishika mkono: "Erupe, Erupe." Mama mdogo akaleta uji, baba akauita Erupe. Kuku akaingia, baba akamfukuza kwa neno hilo. Alipotaka kugeuzwa ubavu, alisema neno hilo hilo, kwanza kwa utaratibu kama mtu anayeeleza jambo refu, kisha kwa hasira kwa sababu hatuelewi, na mwisho kwa machozi. Nadhani kichwani mwake kuna sentensi nzima. Mdomoni limebaki neno moja tu, na kila kitu duniani kinapita humo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mtu mwenye jibu moja kwa kila swali hajajibu swali lolote. Neno lile si ushahidi.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza: kamati ilipomwonyesha baba picha, je, ilijua kwamba angeonyeshwa picha ya ngamia angesema vilevile? La pili: wewe ulikuwa umekaa kando yake. Ulisema nini?

Nilimpigia Bwana Mureithi nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Madam, wewe ni daktari?"

"Hapana. Ni binti yake."

"Basi sisi tulimsikia baba yako akitaja jina, mbele ya watu. Unataka tuseme kocha wetu hajui anachosema? Unataka hilo ndilo liandikwe juu yake?"

Nikamuaga, nikakata simu.

Nilimwendea Athian nikamwambia kwamba naweza kuandika rasmi kupinga uamuzi. Alikuwa anasaidia kuchota maji. Alinisikiliza akiwa ameinama juu ya bomba. "Ukishinda, Madam, watafuta cheti. Hawataandika jina langu juu yake. Ukishindwa, Erupe anabaki nayo. Sasa niambie, nikuombee ushinde ama ushindwe?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Nimejaribu kulipanga kwa kila namna ninayoijua. Halina upande unaofunguka.

Kisha akaniuliza kama Kocha anakula vizuri.

Christine


Lodwar,
3 Agosti 2025

Mwanangu Christine,

Nakusalimu. Mvua zimetupita tena. Mawingu yalikaa juu ya Lodwar mchana mzima kama wageni wasio na nia ya kushuka. Dereva wa lori amepata mtoto wa kiume na amempa jina langu. Nimemwonya.

Mama mdogo wako aliniambia kwamba ulikuja, hata kabla sijamuuliza. Hakuna aliyemgombeza.

Kuhusu swali lako la kwanza, daktari aliandika maelezo ya hali ya baba yako, na bahasha ilikuwa mezani kwa mkuu wa chuo siku ile. Sijui kama ilifunguliwa. Kuhusu la pili, mama mdogo wako anasema zile chupa za mafuta ya kupaka alizokuagizia zinapatikana kwa Wasomali wa hapo Kakuma, na kwamba usisahau.

Kila asubuhi mimi ndiye ninayemnyoa ndugu yangu. Hapendi wembe wa mtu mwingine. Ninapomshika kidevu hunitazama machoni na kunieleza jambo kwa urefu, kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kama alivyokuwa akiwapanga wachezaji ubaoni, na lote ni neno lile. Mwanzo nilikuwa nikimjibu, "Ndiyo, ndiyo." Akakasirika, aliona kwamba sielewi na najifanya naelewa. Sasa nanyamaza. Nimefundisha miaka thelathini na nne, Christine, nimesoma vitabu ambavyo hapa Lodwar nilikuwa navyo peke yangu, na sijui nimwambie nini mtu huyu.

Mahafali ni Jumamosi ya tarehe ishirini Septemba. Siku hiyohiyo chuo kitazindua kibao kipya cha uwanja, cha chuma, chenye jina la baba yako na mwaka wa kombe. Mureithi ameomba binti wa kocha avute kitambaa. Baba yako ataletwa kwa kiti chake. Erupe ameshonewa joho; nasikia amekataa viatu. Nakuomba uje. Watu wataangalia nafasi yako, na wakiiona tupu wataanza upya kuuliza.

Ekidor


Kakuma,
14 Septemba 2025

Baba mdogo,

Salamu kwako, kwa mama mdogo na kwa mtoto wa dereva. Mafuta nimeyapata, anayebeba barua hii anayo. Shule imepata mabati mapya na sasa hatusikii upepo, ila tunapikwa.

Kabla ya jambo lako, nikueleze lililotokea hapa Jumatano, maana nadhani hakuna aliyekwambia.

Mzee Aregae alishuka kwenye lori la saruji na kigoda chake mkono mmoja na mbuzi jike mchanga mkono wa pili, akauliza kila mtu sokoni anakaa wapi kijana aliyekuwa Erupe. Walimcheka, kisha wakamleta shuleni kwangu, kwa kuwa mimi ni binti wa Kocha. Nilimpeleka mwenyewe kwa Abuk.

Athian alipomwona alisimama. Walikuwa hawajawahi kukutana. Aregae alimzunguka akimtazama miguu kama mtu anayekagua mnyama sokoni, akaketi juu ya kigoda.

"Kwa hivyo ni wewe uliweka jina ya mtoto yangu miaka tatu."

"Ni mimi, mzee."

"Uliibia mtu nayo?"

"Hapana."

"Ulipiga mtu?"

"Hapana, mzee. Nilisoma tu. Na mpira."

"Niliambiwa ulishinda darasa yote." Akageukia Abuk. "Mama, ulilea." Kisha kwa Athian tena: "Sikiza. Karatasi ni ya Erupe, hiyo imeisha. Kwetu sisi, mtu akikuchungia mnyama vizuri, irudi imenona na imezaa, huwezi mwacha hivyo hivyo. Unampa moja. Hii ni yako." Akamsukumia mbuzi.

Nimewaza sana kwa nini hilo lilinishinda kulitazama. Nadhani ni kwa sababu katika mambo yote haya, kamati na kanuni na sisi wawili na elimu yetu, huyo ndiye wa kwanza kusema kwamba kazi ilifanyika, na kwamba aliyeifanya ni huyu.

Athian alimshika mbuzi shingoni, akampapasa masikio. Abuk akasema polepole kwa Kidinka, naye akamtafsiria mgeni: "Mama anasema asante. Lakini mzee, sisi hapa haturuhusiwi kufuga. Wakiona mbuzi watachukua, na watu wenu watasema nimeiba."

Aregae alinitazama mimi kuhakikisha. Nikamwambia ni kweli. Alichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Basi nitakaa nayo," akasema. "Iko kwangu lakini ni yako. Ikizaa ni yako. Watoto wangu wakiuliza hii mbuzi ni ya nani, niseme ya nani?"

Baba mdogo, nilimwona Athian akifungua mdomo na kusita. Alikuwa amezoea kufikiri kabla ya kujibu swali hilo.

"Sema ya Athian."

"Ya Asian."

"Athian," akasema Abuk, akionyesha ulimi kati ya meno. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, na mtu akamwambia mzee ang'oe meno mengine ya mbele, kuongezea yale aliyong'olewa kimila, ndio itatoka. Alijaribu mara kadhaa, kwa bidii, bila aibu. Mwisho ikawa Atian, na wote wakakubali kwamba inatosha. Asubuhi alipanda lori na mbuzi wake yuleyule aliyekuja naye, akarudi Lokori.

Kwa hiyo Athian ana mbuzi mmoja asiyeweza kumwona wala kumkamua. Ninapopita jioni huwa anaziba magurudumu. Kuna shirika lililotangaza kazi ya fundi wa pampu za maji hapa kambini, kazi aliyoisomea. Walimwomba cheti. Aliwaambia anajua kazi, wamjaribu. Wakamwambia wanaamini, lakini hawana mahali pa kuandika hilo.

Sitakuja Jumamosi. Nimejaribu kujiona nikivuta kile kitambaa na mkono wangu haukubali kusogea, hata katika mawazo. Wala sitaandika kupinga. Nimekwisha kukueleza kwa nini. Sina la kufanya ambalo halimuumizi mmoja wao, na sina la kuacha kufanya ambalo halimuumizi mwingine. Waambie nina mitihani ya watoto. Ulikwisha kuitumia, nao wataiamini.

Swali langu la pili silirudii.

Mpake Apa mafuta haya kwenye mkono uliolala, mama mdogo anajua namna. Na unapomnyoa, akikuita kwa jina lile, usinyamaze, wala usiseme ndiyo ndiyo. Itika tu, kama mtu anayeitwa. Hana jingine la kukuita.

Christine